Ile orodha ya Lincoln, basi tena

Imerudi. Kila mtu akiachishwa kazi au akifeli mtihani, kuna mwema mmoja atamtumia ile orodha ya kushindwa kwa Abraham Lincoln: 1832 kashindwa uchaguzi, kisha biashara imekufa, 1843 kakosa uteuzi, 1848 kapoteza kiti, halafu ghafla, 1860, rais wa Marekani. Juu kabisa wanaweka picha ya mzee mwenye ndevu. (Ndevu zenyewe alianza kuzifuga mwishoni mwa 1860. Miaka yote hiyo ya “kushindwa” alikuwa na kidevu kitupu.)

Mstari wa 1848 ni uongo mtupu. Lincoln hakupoteza kiti cha Bunge la Marekani kwa sababu hakugombea. Wana-Whig, wenzake wa chama katika eneo lake la Illinois, walikuwa wamezoea kupokezana: John Hardin akapita 1843, Edward Baker 1844, Lincoln 1846, kila mmoja muhula mmoja. Zamu yake ilipofika akamgaragaza mhubiri wa Kimethodisti, Peter Cartwright, kwa kura 6,340 dhidi ya 4,829. Mwaka 1848 ikawa zamu ya Stephen Logan, wakili aliyewahi kufanya naye kazi ofisi moja, na Logan ndiye aliyeanguka. Orodha haitaji popote kwamba Lincoln alichaguliwa kuingia bunge la jimbo la Illinois mara nne mfululizo: 1834, 1836, 1838 na 1840. Ukimfutia mtu ushindi wake wote, nani hataonekana wa kuhurumiwa?

Haya, 1832 ni kweli alishindwa. Na duka lake katika kijiji cha New Salem lilikufa kweli, deni lake akalilipa kwa miaka. Tuendelee.

Kinachofichwa na orodha hiyo ni kazi. Huyu alikuwa wakili wa mji mdogo. Alipata leseni 1836, mwaka uliofuata akahamia Springfield, na mashauri yake yanayojulikana leo yanapita 5,000. Zaidi ya nusu ni madeni. Si mauaji wala hotuba za kutoa machozi. Ni mtu kasaini karatasi kwamba atalipa, siku imefika, hajalipa. Wakili wa mdai anamwandikia karani wa mahakama kuomba hati ya wito. Anachagua aina ya madai, na hapo ndipo wengi waliponaswa: ahadi ya kawaida ya maandishi ina mlango wake, hati yenye lakiri ina mlango wake, na ukikosea mlango mpinzani anaweka pingamizi kesi isisikilizwe. Hati ya madai iwe imefika kwa karani siku 10 kabla ya kikao, la sivyo shauri linasogezwa hadi msimu ujao, na misimu ni miwili tu kwa mwaka. Sherifu anapeleka wito. Mara nyingi mdaiwa haonekani, kwa sababu ataonekana kusema nini? Hukumu inatoka upande mmoja, karani anapiga hesabu ya deni na riba, wakili anachukua dola 5, 10, labda 20.

Kwa dola hizo huwezi kukaa mjini kusubiri wateja. Kila masika na kila vuli jaji na mawakili walifungasha virago na kuzunguka Mzunguko wa Nane, eneo la mahakama moja ya kuhamahama, ambao wakati mmoja ulikuwa na kaunti 14 na zaidi ya maili 400 za tope. Siku chache kila makao makuu ya kaunti, wawili kitanda kimoja. Mteja anakukamata asubuhi, mchana uko mbele ya baraza la waamuzi. Hapo ndipo Lincoln alipojifunza tabia yake kuu: kuachia hoja saba za pembeni na kung'ang'ania moja. Faili zake alibeba ndani ya kofia, na siyo mzaha. Mwaka 1850 alimwomba radhi wakili mwenzake kwa kuchelewa kumjibu kwa sababu alinunua kofia mpya, na barua ikabaki kwenye ile ya zamani.

Sasa mpeleke mtu huyo Washington. Aliapishwa Desemba 6, 1847, Whig pekee kati ya wajumbe saba wa Illinois. Siku 16 baadaye akasimama na maazimio yenye maswali manane kwa Rais Polk, aliyehalalisha vita na Mexico kwa kudai nchi hiyo ilimwaga damu ya Wamarekani katika ardhi ya Marekani. Lincoln anauliza: mahali hapo hasa ni wapi? Palikuwa ndani ya eneo la Hispania chini ya mkataba wa 1819, au hapakuwa? Wakazi wake walikimbia makazi na mazao yao jeshi la Marekani lilipokaribia, au hawakukimbia? Hao waliomwagwa damu walikuwa raia majumbani mwao, au askari waliotumwa hapo kwa amri ya rais mwenyewe?

Kama kazi ya wakili, sijui utaongeza nini. Kila swali linaziba tundu moja. Kortini mdaiwa akijibu amebanwa, akinyamaza amekwisha. Lakini hapo ndipo kosa la kwanza: bungeni hakuna hukumu ya upande mmoja! Polk alinyamaza na hakikutokea kitu. Hakuna karani wa kuandika kwamba mdaiwa ameitwa na hakufika. Baraza lenyewe halikuyafanyia kazi maazimio yale. Januari 12 Lincoln akarudi na hotuba ndefu juu ya hoja ileile. Februari 2 mkataba wa amani ukasainiwa Guadalupe Hidalgo, na mahali alipokuwa akipauliza pakawa hapabishaniwi tena.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Kwenye mzunguko waamuzi wako ni watu 12 walioketi mbele yako. Unawaona wakipiga miayo, unabadilisha sauti. Waamuzi wa mbunge, yaani wapiga kura wake, walikuwa Illinois wakisoma magazeti. Illinois ilikuwa imepeleka watu vitani, na Hardin, yule wa zamu ya kwanza, alikufa kwenye pigano la Buena Vista Februari 1847. Lincoln alikuwa akipiga kura ya ndiyo kwa mahitaji ya askari na ya hapana kwa sababu za vita. Wakili anaielewa tofauti hiyo akiwa usingizini. Mjane haielewi. Hata William Herndon, mshirika wake ofisini, alimwandikia kupinga, naye akajibu kwa barua ya kisheria kabisa.

Mengine ya muhula ule yalikuwa ya kawaida: kamati ya posta, kamati ya matumizi ya idara ya vita, pendekezo la kukomesha utumwa mji mkuu lililokosa waungaji mkono kabla hata ya kuwasilishwa rasmi. Na posho ya safari, ndiyo. Horace Greeley, mhariri wa gazeti, aliichapisha: Lincoln alidai maili 1,626 kila upande, dola 1,300.80, wakati Greeley alihesabu njia fupi kuwa maili 780. Sheria ilisema njia inayotumika kwa kawaida, wakili akaisoma inavyomfaa.

Wapenda orodha hawagusi pia kwamba Oktoba 1847, wiki chache kabla ya kwenda kuapishwa, alisimama katika mahakama ya kaunti ya Coles upande wa Robert Matson, mmiliki wa watumwa aliyetaka kurudishiwa Jane Bryant na watoto wake. Alishindwa, nao wakawa huru. Hiyo ndiyo kazi ya kukodishwa, na sina maneno ya kuilainisha. Ajabu, kwenye orodha ya kushindwa kwake hii haimo.

Mwaka 1849 aliomba ukuu wa ofisi ya ardhi ya taifa, wakampa Justin Butterfield. Akarudi Springfield, kwenye kesi za madeni. Mwanafunzi mmoja wa sheria aliyekuja kusafisha ofisi yake na Herndon miaka ya baadaye aliandika kwamba mbegu ambazo wabunge hupewa wawagawie wakulima zilikuwa zimeota humo ndani, kwenye uchafu wa sakafu.