Tahadhari ya Mvua Isomwe na Ofisini

Meneja wa kampuni ya Mombasa anajua bei ya dizeli ya leo. Anajua meli gani imetia nanga Kilindini na kontena lipi limekwama bandarini. Muulize utabiri wa mvua wa wiki hii unasemaje, hana habari, na haoni kwamba inamhusu. Mimi nasema inamhusu. Idara ya hali ya hewa ikishatoa tahadhari ya mvua kubwa, mfanyakazi asitumwe mbali na kwao kwa shughuli inayoweza kungoja. Na kama keshatumwa, aruhusiwe kurudi kabla njia hazijafungwa, tena bila kukatwa mshahara.

Nalisema hili kwa uchungu. Novemba 2023 nilikuwa Malindi huku mtaa wetu wa Kisauni ukijaa maji. Kazi yangu ni mauzo: nazunguka maduka ya jumla ya Pwani, naandikisha oda na kukusanya madeni. Malindi ni kama kilomita 120 tu kutoka Mombasa, na ukidamka mapema unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Safari ile nilipangiwa kulala kwa sababu wateja wa kuwaona walikuwa wengi. Mvua ilikuwa imeshaanza kuonyesha makali yake, lakini ofisini hakuna aliyeuliza kama wateja hao hawangeweza kusubiri.

Kisha maji yakaliharibu daraja la Mbogolo, kule Kilifi, na barabara ya Mombasa–Malindi ikakatika. Matatu zikarudi stendi. Kila aliyekuwa na mzigo au mgonjwa akawa anapiga simu huku na huku kutafuta njia ya kuzunguka.

Mume wangu hufanya kazi ya zamu bandarini, na usiku ule alikuwa kazini. Watoto walikuwa na bibi yao, mama mkwe wangu, mtu mzima ambaye magoti yanamsumbua. Alinipigia saa tatu za usiku. "Mwanangu, maji yamevuka kizingiti. Watoto nimewapandisha kitandani. Wewe tulia huko huko, usije ukapanda gari usiku huu." Stima ilikuwa imekatika mtaa mzima na simu yake ilikuwa imebaki na chaji kidogo, basi tukakubaliana aizime, awe anaiwasha mara moja moja kunijuza hali. Nafasi zile baina ya simu moja na nyingine sina maneno ya kuzieleza.

Jambo ninalotaka waajiri walione ni hili. Mimi, niliyekuwa safarini kikazi, nilikuwa pakavu. Chumba kimelipiwa na kampuni, chakula kimelipiwa, risiti zipo. Kwa hesabu ya ofisi nilikuwa salama na kila kitu kilikuwa sawa. Hatari ilikuwa imehamia kwa watu ambao kampuni haiwajui wala haiwalipi: ajuza na watoto wadogo, gizani, bila mtu mwenye nguvu za kuinua godoro. Posho ya kulala nje humlinda msafiri. Wale aliowaacha hawamo katika fomu yoyote.

Waliowatoa ni majirani. Mama mmoja anayeuza mahamri asubuhi hapo mtaani alikuja na vijana wake wawili, wakambeba bibi, wakawabeba watoto, wakawapeleka nyumba ya ghorofa ya mtaa wa pili. Yeye mwenyewe unga wake ulikuwa umelowa wote. Mungu amlipe, kwa maana mimi sijui nitamlipa nini.

Watu wa bara wakisikia mafuriko ya Mombasa hudhani bahari imefura. Bahari haikutugusa. Maji yalitoka juu na yakakosa pa kwenda, kwa sababu tumejenga kwenye njia zake na mitaro tumeijaza taka. Tena sehemu nyingi za Kisauni zina visima na vyoo vya shimo katika uwanja mmoja. Mvua ikizidi, vitu hivyo viwili hukutana chini ya ardhi, na ndiyo maana baada ya mafuriko hutajwa kipindupindu. Wala usidhani mfereji utakuokoa. Sehemu kubwa ya maji ya mji huu hutoka Baricho, kando ya Mto Sabaki, na Sabaki hubeba mvua yote iliyonyesha huko juu kupitia Athi na Galana. Mto ukifurika au stima ikipotea Baricho, mifereji ya Mombasa hukauka huku watu wamezungukwa na maji. Kwa hiyo mvua kuanuka si mwisho wa shida. Hapo ndipo nyumba inapohitaji mtu mzima wa kuteka, kuchemsha, kufua na kusugua tope, na mtu huyo nyumbani kwetu alikuwa bado amefungiwa ng'ambo ya daraja.

Ingekuwa mvua ile ilitushtukiza, nisingekuwa na neno. Lakini tangu Agosti wataalamu walikuwa wamesema vuli ya mwaka ule ingekuwa nzito. Sisi wa Pwani tumezoea kuogopa masika, hasa mwezi wa Mei. Vuli kwa kawaida hupita kwa upole. Ila mwaka wenye El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yanapopata joto kuliko kawaida, na maji ya bahari yetu upande huu wa Afrika yakawa na joto kuliko upande wa Indonesia, vuli hubadilika. Ilikuwa hivyo 1997, na watu wazima wa mji huu hawajaisahau. Oktoba, Rais William Ruto akasema El Niño haitakuwapo, itakuwa mvua kubwa tu. Wengi walishusha pumzi, na waajiri nao wakaendelea na ratiba zao. Kufikia Desemba, watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa kwa mafuriko nchini.

Nimeambiwa kwamba tukiahirisha safari kila mawingu yakitanda, biashara itasimama. Sikuzungumzia mawingu. Nazungumzia tahadhari rasmi, iliyotaja eneo na siku. Ni kweli utabiri wakati mwingine hukosea, na mara nyingine huandika "Pwani" kana kwamba Lamu ya kaskazini na Vanga ya kusini mpakani ni mtaa mmoja. Tuseme umekosea: kampuni imepoteza nini? Oda zinachukuliwa kwa simu, madeni yanalipwa kwa M-Pesa. Na hizo siku nilizokwama Malindi sikuuza kitu, kwa kuwa wenye maduka walikuwa wanaokoa magunia yao.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya mwaka, ya uzazi na ya ugonjwa. Nyumba yake ikiingia maji hana siku yoyote yenye jina hilo. Anaomba ruhusa kama fadhila, na fadhila hutegemea roho ya bosi. Wabunge wetu wa Pwani, ambao mitaa yao huzama kila inaponyesha sana, wana kazi ya kufanya hapo.

Mimi sikungoja Bunge. Nilimwandikia meneja wangu barua yenye maombi matatu: safari za kulala nje zisipangwe siku za tahadhari, mfanyakazi mwenye watoto wadogo au wazee nyumbani asilazimishwe, na akikwama, siku hizo zihesabiwe za kazi. La kwanza amelikubali, na masika haya safari yangu ya Lamu imeahirishwa. La pili anasema atalitazama mtu kwa mtu. La tatu amelipeleka kwa wakurugenzi, na kila Jumatatu namuuliza wamesemaje.