Alama za Freemason nilizozikuta Boston ni vifaa vya baba yangu

Mwaka wa kwanza nimefika Boston nilikuwa nashuka stesheni ya Boylston kila asubuhi kwenda kazini, na ukitoka tu pale juu unakutana na jengo la Freemason, liko kona kabisa ya Tremont, ukutani wameweka mozaiki za alama zao na wala hawajifichi. Mimi nilikuwa navuka barabara. Mtoto wa Morogoro niliyekuzwa na stori za kafara na damu, napita upande wa pili huku nasali kimoyomoyo.

Siku moja ya baridi nikasimama nikaangalia vizuri. Mbona hivi ni vitu vya baba! Baba yangu ni fundi mwashi, na kwenye mfuko wake wa sandarusi uliojaa vumbi la simenti kulikuwa na skwea, pima maji, timazi ya chuma imefungwa kwenye kamba, na mwiko ambao mpini wake umelainika kwa jasho la miaka. Bikari tu hakuwa nayo, duara alikuwa anachora kwa msumari na uzi.

Nikaanza kusoma. Hawa jamaa, ambao loji (ndivyo wanavyoita matawi yao) kuu ya kwanza iliundwa London mwaka 1717, walichukua vifaa vya mafundi wa mawe wakavifanya mafunzo ya tabia. Skwea, mwenendo wako unyooke kama kona ya nyumba. Bikari, tamaa zako ziwekee mpaka. Timazi, simama wima hata kama hakuna anayekuona. Herufi G ya kwenye alama yao ni kwa sababu kwa Kiingereza jina la Mungu na neno jiometri vyote vinaanza nayo. Na lile jicho linalotutisha ni Mungu anayeona yote, wachoraji wa Kikristo walilichora ndani ya pembetatu zamani sana, na kwenye noti ya dola moja limekuwepo tangu 1935, kabla ya hapo lilikuwa kwenye mhuri wa taifa la Marekani.

Sasa huku mtu anabandika skwea na bikari kwenye bampa ya gari, makaburini zimechongwa juu ya majina ya wazee, hakuna anayekimbia. Kwetu je? Sir Andy Chande, mfanyabiashara wa Tanzania, alikuwa kiongozi wao Afrika Mashariki na alisema hadharani mpaka anafariki 2017, lakini sisi tukiona mtu kajenga ghorofa tunanong'ona, msanii akiziba jicho moja kwenye picha ameshauza roho. Na woga huo huo unaliwa hela. Binamu yangu aliona karatasi kwenye nguzo ya umeme, jiunge utajirike, akapiga namba, akaambiwa atume ya fomu, kesho yake ya usajili, keshokutwa ya pete, zikaenda laki nne za mtaji wa genge la mke wake. Namba haipatikani tena. Iliniuma sana kwa sababu utajiri haumo kabisa kwenye zile alama, ni jiwe la kuchonga tu, unachongwa wewe.

Lakini siwapambi. Pima maji kwao maana yake watu wote ni sawa, na hapa hapa Boston mwaka 1775 Prince Hall, mtu mweusi, aliingizwa na wenzake 14 kwenye loji ya wanajeshi wa Uingereza, hati ya loji yao wenyewe ikatolewa London mwaka 1784, maana Wazungu wa hapa hawakuwataka. Mwaka 1777 alipeleka ombi bungeni Massachusetts utumwa ukomeshwe. Loji kuu za Wazungu zilianza kuwatambua Freemason weusi wa loji zake kwa kudumu mwaka 1989! Zaidi ya miaka 200 pima maji iko ukutani na hakuna aliyeitumia, na wanawake mpaka leo hawaingii kwenye loji hizo.

Kaburi la Prince Hall liko kwenye makaburi ya Copp's Hill hapa Boston, nilienda Jumapili nikampigia baba video. Hakuuliza habari za kafara. Aliniambia nisogeze simu karibu na jiwe, akaangalia pembe zake muda mrefu, akasema hilo limekatwa na mtu mwenye skwea nzuri.