Mzinga wa Columbus ulivyonifuturisha

Tulikwenda kumtembelea shemeji yangu Columbus, Ohio, Aprili 2025, tukamkuta haambiliki. Timu yake ya hoki ya barafuni, Blue Jackets, ilikuwa inaifukuzia Montreal nafasi ya mwisho ya kuingia mtoano. Nyumba nzima ni hesabu tu: ukishinda pointi mbili, ukifungwa muda wa nyongeza moja. Tarehe 12 mgeni ni Washington, vinara wa Kanda ya Mashariki, timu ya Ovechkin, ambaye siku chache nyuma alikuwa amevunja rekodi ya magoli ya Gretzky.

"Shemeji, leo twende ukaone wanaume."

Nilikuwa kwenye funga zangu sita za Shawwal. Mke wangu akanifungia tende kwenye tishu, nikatia mfukoni. Ukumbini hakuna dirisha, na mara taa zikazimwa, giza totoro. Nami nimelelewa na bibi, na kwa bibi mzinga ukilia una maana moja tu.

Ukalia. BUUUM! Moshi ukatanda. Mkono ukaenda mfukoni wenyewe, bismillahi, tende kinywani. Jirani yangu, bibi mmoja wa Kizungu, nikamkaribisha. Akachukua, akashukuru sana.

"Shemeji, wafanya nini?"

"Nafuturu. Hukusikia mzinga?"

"Wa timu kuingia huo! Magharibi bado!"

Kumbe hawa watu wana mzinga wao ndani ya uwanja, nakala ya mizinga ya mwaka 1857, na hulipuliwa timu ikiingia, kila wakifunga goli, na wakishinda. Siku hiyo wakashinda saba bila. Hebu piga hesabu. Na kila ukilia, yule bibi ananinyooshea kiganja, akidhani ndiyo desturi. Kufika goli la tano sina hata kokwa.

Kesho yake asubuhi, kabla ya mechi ya marudiano kule Washington, shemeji akanigongea mlango na sahani ya tende.

"Nimefunga, shemeji."

"Kula. Watu wanataka mtoano."

Sikula, na wakashinda 4–1 vilevile, lakini hilo halihesabu. Tarehe 16 Montreal ikaifunga Carolina, biashara ikaisha. Msimu ukafungwa Montreal ina 91, Columbus 89.

"Pointi mbili," shemeji akasema, macho ukutani. "Yaani mechi moja. Yaani tende moja, shemeji. Ingekuua?"