Mbona hamwandiki sekunde?

Juzi nilisoma muhtasari wa jaribio la panya, nikaufunga kwa hasira. Mwandishi kataja idadi ya panya, umri wao, uzito wao, na kila zawadi waliyopewa. Muda kati ya zawadi moja na nyingine hakuutaja kabisa, utadhani panya akiwa anangoja hajifunzi kitu.

Anajifunza, tena sana. Mwaka 1977 watafiti Hulse na Dorsky waliwakimbiza panya kwenye kijia chembamba chenye chakula mwishoni: vidonge 14, halafu 7, 3, 1, kisha 0. Panya aliyeuzoea mfuatano huo, mlango ukifunguliwa raundi ya kwanza, anachomoka. Raundi ya tano anajikokota, maana anajua mbele ni patupu. Kwa maelezo ya Capaldi, mtafiti mwingine wa panya, anakumbuka alichokipata raundi iliyopita, na kumbukumbu hiyo ndiyo inayomwambia kinachofuata. Basi kumbukumbu hiyo lazima ivuke muda wote wa kungoja. Utaupimaje uwezo wake bila kusema ilivuka sekunde ngapi?

Na kungoja kwenyewe ni somo. Fountain, Henne na Hulse walilionyesha hilo mwaka 1984 kwa mifuatano mirefu iliyogawanyika mafungu mafungu. Ukiweka kituo, yaani muda wa kungoja, pale fungu linapoishia, panya anaushika mfuatano upesi. Ukikiweka katikati ya fungu, unamvuruga. Aliyewahi kukariri shairi anaelewa: pumua mwishoni mwa ukwapi, utao unakuja wenyewe, pumua katikati ya neno uone kama utafika kwenye kina. Zawadi zile zile, kwa mpangilio ule ule, zinafunzika au hazifunziki kwa sababu ya mahali ulipomngojesha mnyama. Halafu mtu anauacha muda nje ya ripoti!

Kweli, kituo kinaweza kugeuka mkongojo: panya aliyefunzwa nacho, ukikiondoa, hukosea palepale mafungu yanapopakana. Hilo silikatai.

Na nitakubali, shingo upande, kwamba muda mrefu peke yake hauui kumbukumbu. Capaldi alipata panya waliofuata zamu za kupata na kukosa hata raundi zilipoachana kwa saa 24. Ila hilo tunalijua leo kwa kuwa aliziandika hizo saa 24.