Vidonge vya Jua Mjini Kisumu

Kisumu jua halinunuliwi. Saa saba mchana sokoni Kibuye hata mbwa hutafuta kivuli. Lakini kwenye kemisti za Kondele kuna vidonge vya vitamini D, ile ile ambayo ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, na wanaovitaka si wazee wenye maumivu ya mifupa peke yao. Mama ambaye mumewe ameanzishwa dozi ya TB ya miezi 6 huuliza: je, vitawakinga watoto?

Swali lake si la kipuuzi. Mwaka 1903 Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel baada ya kutibu TB ya ngozi kwa mwanga. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba seli za kinga zikiwatambua bakteria wa TB hutumia vitamini D kutengeneza kathelisidini, protini inayowashambulia. Tena wagonjwa wengi wa TB wakipimwa hukutwa na vitamini hiyo kidogo.

Hapo ndipo naanza kusita. Mgonjwa wa TB hukonda, hushinda ndani, hamu ya kula humwisha, na rifampisini, dawa ya TB anayoimeza, huharakisha kuvunjwa kwa vitamini D mwilini. Upungufu unaweza kuwa umeletwa na ugonjwa wenyewe.

Huko Ulaanbaatar, Mongolia, ambako baridi huwafungia watu majumbani, wanafunzi 8,851 waligawanywa: nusu wakapewa vitamini D kila wiki, nusu vidonge vya kufananisha visivyo na dawa, kwa miaka 3. Matokeo yalitoka 2020. Vitamini ilipanda kwenye damu, maambukizi ya TB hayakupungua. Cape Town walipata jibu hilo hilo. Utafiti unaonigusa zaidi ni wa Dar es Salaam, kwa kuwa hapa Nyanza TB na VVU ni ndugu wa chungu kimoja: watu wazima 4,000 wenye VVU na upungufu wa vitamini D, waliokuwa wakianza ARV, walifuatiliwa. Vidonge havikupunguza TB wala vifo.

Watetezi wa vidonge wana jibu, na si la kubeza. Kuambukizwa si kuugua, wanasema. Pengine vitamini humsaidia aliyekwisha kuambukizwa asiugue. Lakini kule Mongolia waliougua walikuwa 21 upande wa vitamini na 25 upande wa pili. Kwa idadi ndogo hivyo, huwezi kudai ushindi wala kutangaza kushindwa. Mwenye upungufu uliopimwa na atibiwe, mifupa yake itamshukuru. Kujimezea kwa wingi ni jambo lingine: kalsiamu hupanda kwenye damu, na figo huumia.

Chakula kina ushahidi mzito zaidi. Katika jimbo la Jharkhand, India, familia za wagonjwa zilipewa mchele, dengu na vidonge vya virutubisho mchanganyiko kila mwezi. Matokeo ya 2023 yalionyesha TB mpya kwa waliokaa nyumba moja na mgonjwa ikishuka kwa asilimia 39. Kwa hiyo pesa ya kichupa cha vidonge ningeipeleka kwa wauza omena, samaki aliwaye mzima na mwenye vitamini D yake mwenyewe.

Ila kabla ya omena, watoto wale wapelekwe hospitali ya serikali wakapimwe, na wasiougua wapewe dawa ya kinga ya TB, ambayo haitozwi hata shilingi. Muuzaji wa kemisti angeanzia hapo, kisha ndipo azungumze bei.