Kushuka na watoto visiwani Karibi: kununua ziara ya meli au kujipangia?

Familia inayopanda meli ya kitalii kutoka Miami au Galveston kwenda visiwa vya Karibi huanza kubishana kabla hata ya kufunga mizigo. Meli itafika asubuhi, itaondoka jioni, na katikati pana saa saba au nane za nchi kavu. Mmoja anasema tununue ziara zinazouzwa na meli, tuwe na amani. Mwingine anapiga hesabu: dola 80 kwa kichwa, tuko watano, hizo ni dola 400 za mchana mmoja, na ufuo wenyewe hauna kiingilio. Wote wawili wana hoja. Ubishi hauishi kwa sababu wanataka jibu moja la safari nzima, na bandari hazifanani. Mimi ningeuliza swali moja kwa kila bandari: mtoto akianza kutapika saa sita mchana, tunarudije melini?

Anayenunua ziara ya meli hanunui mandhari, maana madereva na mashua mara nyingi ni walewale wa kisiwani. Ananunua kungojwa. Basi la ziara hiyo likikwama, meli husubiri, na isipoweza kusubiri kampuni hugharimia kuwafikisha abiria kwenye bandari inayofuata. Aliyejipangia hana ahadi hiyo. Machi 2024, mbali na Karibi, kwenye kisiwa cha São Tomé hapa Afrika, abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn walichelewa kurudi kutoka ziara ya binafsi. Meli ilikuwa bado imetia nanga. Wakapelekwa kwa boti hadi karibu nayo, wakakataliwa kupanda. Ikawabidi kupita nchi kadhaa ndipo wakaipata Senegal, na kati yao walikuwamo wazee na mama mjamzito. Anayesafiri na watoto wadogo asikisome kisa hicho juujuu.

Hata hivyo, kungojwa ni kitu kimoja na usalama ni kingine, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Mikataba ya tiketi husema wazi kwamba waendeshaji wa ziara ni makandarasi wanaojitegemea, na kampuni ya meli hujitoa kwenye lawama kadiri sheria inavyoruhusu. Juni 2015, karibu na Ketchikan, Alaska, ndege ndogo iliyobeba abiria wanane wa meli ya Westerdam iligonga mlima, wakafa wote pamoja na rubani. Ziara ile iliuzwa na kampuni ya meli. Kwa hiyo hata uliponunua melini, kagua jaketi la kujiokolea kama lina saizi ya mwanao, na hali ya hewa ikikutia shaka, mtoe.

Tena ziara ya kundi haikupangwa kwa ajili ya mtoto wa miaka mitatu. Watu arobaini hawasimamishi basi kwa sababu mmoja anataka kujisaidia. Usingizi wa mchana unamkuta njiani, chakula kinakuja kwa saa ya kundi, na mara nyingi kuna kusimama dukani ambako hakuna aliyeomba. Hili ni la uzito kuliko bei. Mtoto aliyechoka huiharibu siku ya watu watano, na dawa yake ni uwezo wa kusema “twende zetu” wakati wowote.

Uwezo huo unapatikana kwa urahisi pale ambapo miguu inatosha. Nassau, mji mkuu wa Bahamas, ni mfano mzuri. Kutoka gatini unatembea hadi ufuo wa Junkanoo, na ukielekea upande mwingine wa mji unafika Ngazi ya Malkia, vidato zaidi ya 60 vilivyochongwa na watumwa ndani ya jabali la chokaa mwishoni mwa karne ya 18. Mtoto atavihesabu huku akipanda, na huo ni wakati wa kumweleza ni mikono ya nani iliyovichonga. Sioni sababu ya kumlipa mtu akupitishe hapo kwenye foleni. Philipsburg, St. Maarten, nako ni hivyohivyo: ufuo wa Great Bay uko mbele ya mji, na meli yako unaiona ukiwa majini. Lakini kisiwa hichohicho kina Maho, ufuo maarufu ambako ndege hutua karibu na vichwa vya watu. Mwaka 2017 mwanamke mmoja alifariki pale baada ya kurushwa na upepo wa injini za ndege iliyokuwa ikiruka. Ni mbali na gati, na barabara yake hujaa magari. Kwa watoto wadogo, Maho ningeiacha.

Barbados ipo katikati. Ghuba ya Carlisle, yenye maji tulivu na kasa wanaoibuka kupumua, ni mwendo mfupi wa teksi kutoka gati la Bridgetown. Yupo pia ZR, basi dogo jeupe lenye muziki wa juu na abiria waliobanana, ambalo aliyekulia kwenye daladala au matatu hatahitaji kuelekezwa. Hela ya huko haisumbui kichwa: dola mbili za Barbados ni dola moja ya Marekani. Ila nguo za mabaka ya kijeshi ni kosa kisheria, hata za mtoto, kwa hiyo ziacheni nyumbani.

Panapobadilika ni pale maji au barabara ndefu inapokaa kati yako na meli. Magofu ya Tulum, mji wa kale wa Wamaya huko Meksiko bara, huuzwa sana kwa wanaoshuka Cozumel, kisiwa cha Meksiko, lakini kufika huko ni kivuko cha kama dakika 45, kisha kama saa nzima ya barabara, na kurudi vilevile. Kivuko kimoja kikiahirishwa, siku imevurugika. Hapo ningelipa bei ya meli bila kunung'unika, au ningeiacha Tulum na kubaki kwenye fuo za Cozumel yenyewe.

Grand Cayman ndiyo inayonipa taabu kuamua. Hakuna gati la meli kubwa. Aprili 2025 wapiga kura walikataa lijengwe, na abiria hushushwa kwa boti ndogo. Bahari ikichafuka, meli huweza kupita bila kusimama. Ziara ya meli hurudishiwa fedha. Ya binafsi inategemea masharti ya mwenye boti, yasome kabla ya kulipa. Wengi huenda kwenye fungu la mchanga la Stingray City, ambako samaki taa walizoea kuja kula mabaki ya wavuvi waliosafisha samaki. Maji ya kiunoni kwako ni ya shingoni kwa mtoto wa miaka sita, na taa mkubwa anapompitia miguuni mtoto huyo hurukia kifuani kwa baba. Kwenye boti ndogo ya mwenyeji, nahodha ana nafasi ya kumshika mkono. Kwenye boti iliyojaa, hana. Kwa sababu hiyo, hapa ningejipangia, lakini kwa safari ya asubuhi, si ya alasiri.

Anayejipangia aikariri saa ya meli, maana simu humdanganya. Tangu 2015 jimbo la Quintana Roo, ilipo Cozumel, halisogezi saa mbele kiangazi kama Miami ifanyavyo. Kiangazi, simu yako inasema saa tisa na nusu huku meli iliyotoka Miami, ikishika saa ya huko, iko saa kumi na nusu. Teksi nyingi hazina kiti cha mtoto, na kisiwani St. Thomas nyingi ni malori ya wazi yenye mabenchi, kwa hiyo uliza mapema au chagua mahali pa kutembea. Raia wa Marekani kwenye safari inayoanza na kuishia bandari ileile anaruhusiwa kupanda kwa cheti cha kuzaliwa na kitambulisho, lakini meli ikimwacha, hapandi ndege ya kimataifa bila pasipoti. Bibi aliyetoka Mombasa au Dar kwa matembezi ana maswali zaidi: viza za visiwa, na kama viza yake inamruhusu kuingia Marekani tena. Hayo yaulizwe kabla ya kulipia chumba.

Na pale ambapo bandari haikupi jibu la kuridhisha, kubaki melini si kupoteza siku. Wengi wameshuka, mabwawa yana nafasi, na mtoto analala kitandani mwake.