Mbwa wa katuni aachwe abaki mbwa

Filamu ya katuni kuhusu mbwa na mwenye mbwa huharibika mara tu mbwa anapoanza kuzungumza. Akishatamka kwamba anampenda bwana wake, mtazamaji hana cha kugundua tena. Katika Frankenweenie ya Tim Burton, ya mwaka 2012, iliyotengenezwa kwa kusogeza vikaragosi, yaani wanasesere wenye viungo, na kupiga picha moja moja, mbwa Sparky haongei hata neno moja, na huzuni yake inaeleweka vizuri. Vijana wa Mwanza wanaotengeneza filamu kwa simu wangeanzia hapo.

Mifupa ya kikaragosi iwe waya wa aluminiamu wa milimita 2, nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja kwa kila mguu. Waya wa kufungia nondo ni rahisi kupatikana, lakini ukikunjwakunjwa hukakamaa kisha hukatika, na mara nyingi hukatikia kwenye kiungo katikati ya tukio. Juu yake funga sponji. Chini ya kila unyayo gundisha nati ili mguu ukazwe kwa skrubu kutoka chini ya ubao, la sivyo mbwa atayumba.

Kosa kubwa liko mguu wa nyuma. Kile kiungo kilichopinda kuelekea nyuma, ambacho wengi hudhani ni goti, ni kifundo cha mguu. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo. Ukikosea hapo, mbwa atatembea kama meza. Mwendo wake ni mguu wa nyuma kushoto, wa mbele kushoto, wa nyuma kulia, wa mbele kulia. Kwa picha 12 kwa sekunde, dakika moja ni picha 720, basi hadithi iwe fupi.

Ziba madirisha, kwa sababu mawingu ya ziwani hubadilisha mwanga kila mara na picha zitapepesa. Tumia taa za betri, umeme usije ukakatika katikati ya tukio. Kwenye simu, funga mipangilio ya mwanga na fokasi isijibadilishe yenyewe.

Kila mtu atataka mandhari iwe jiwe la Bismarck, ule mwamba maarufu wa ziwani Mwanza. Mimi ningeweka mwalo, pale wavuvi wanapotia nanga, alfajiri, mitumbwi ya dagaa ikirudi. Mbwa amelala mchangani. Masikio yasimame kwanza, picha mbili baadaye kichwa kigeuke, ndipo mwili uinuke: ameitambua injini ya bwana wake kabla mtu yeyote hajaisikia. Furaha ianzie nyonga, mkia ufuate. Mkia uliosimama juu na kutikisika kwa kukakamaa ni onyo, si furaha. Hata akitulia, mbavu zisogee kidogo sana kila baada ya picha chache. Kikaragosi kikiganda kabisa kinakuwa sponji tu.

Na mapenzi ya mwenye mbwa? Huku kwetu mbwa habusiwi wala kubebwa kifuani. Anarushiwa kichwa cha sato. Akikanyaga dagaa walioanikwa, mama mwenye dagaa akaokota fimbo, bwana wake anajitia katikati: “Mama, nisamehe, huyu ni wangu.” Kisha mkono unashuka mgongoni mwa mbwa, sekunde tatu, picha 36. Tukio hilo lipewe siku nzima ya kazi.